Mshono wa Tangi la Maji

Nyumbani kwa Shangazi
4 Machi

Kaka,

Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu zetu hazina maana. Mimi naongea, wewe unaguna, Shangazi amesimama mlangoni ananionya nisichoke kwa kuongea, halafu wote watatu tunasema haya, sawa, na kukata. Kwenye barua angalau huwezi kuguna.

Naendelea vizuri. Mbavu mbili ulizonivunja uliponisukuma kifua zimeunga, ila nikicheka sana zinanikumbusha nani alizivunja. Kile kifaa walichonipandikiza kifuani, chini ya bega la kushoto, kinaonekana kabisa kwenye ngozi, ukubwa wake kama kiberiti. Daktari anasema kinausikiliza moyo saa zote, na ukisimama tena kama ulivyosimama Januari, chenyewe kitaupiga shoti. Nina miaka ishirini na sita na nimewekewa mlinzi ndani. Bibi mmoja niliyelazwa naye alinitazama siku nzima, mwishowe akaniuliza, wewe mtoto umefuata nini huku kwetu?

Kila anayekuja kuniona namsimulia habari zako. Nasimulia nilivyosimuliwa, maana mimi ya siku ile sikumbuki hata moja. Kwamba ulikuwa unachomelea lile tangi la maji, nikaanguka nyuma yako, ukaitupa barakoa na kunirukia kifuani hata sijamaliza kuanguka. Watu wanatikisa vichwa. Shangazi analia kila mara, ingawa sasa ameisikia labda mara thelathini.

Sasa sikiliza. Daktari amesema mwezi wa sita nikiwa hivi hivi naweza kurudi kazini. Kuchomelea amenikataza. Umeme wa mashine zetu unaweza kukichanganya kifaa, kikadhani moyo umeharibika. Nimelia siku tatu kwa hilo, nimemaliza. Lakini kupima, kuchora, kukata, kupanda juu ya paa kufunga mabomba, hayo hakuna aliyenikataza. Karakana ile baba alituachia wawili. Nafasi yangu usimpe mtu. Nikiamka asubuhi nawaza hilo tu, kabla hata ya kujikagua kama napumua.

Mdogo wako,
Cheche


Karakana
19 Machi

Cheche,

Barua yako nimeipata. Mimi si mtu wa kalamu, unajua. Hata orodha za vifaa ulikuwa unaandika wewe, mimi kazi yangu kuzipoteza.

Huku tunakwenda. Nimemchukua Mrefu anisaidie, yule aliyekuwa fundi pale kwenye mabodi ya magari. Ana mkono mzuri, ila kila siku anagonga kichwa kwenye boriti ile ile na kila siku anaitazama kama ndiyo kwanza waonane. Geti la shule tumelifunga wiki iliyopita. Mwalimu mkuu kaja kulikagua, kasema halifungi sawasawa. Nikamwambia linafunga, ila linataka kubembelezwa. Hakucheka. Ungekuwepo ungepima wewe na lisingetaka kubembelezwa.

Nina ombi moja. Hiyo hadithi ya barakoa iache. Watu wanakuja hapa kunishika mkono. Jana mama wa duka la dawa kanisimamisha mbele ya wateja wake, eti huyu ndiye. Nilifanya walichotufundisha kwenye lile darasa la usalama kiwandani, tulipokuwa tunacheka lile sanamu la plastiki la kufanyia mazoezi. Kisha dereva wa gari la wagonjwa akaja na mashine yao wakakushtua. Wao ndio walioufufua moyo. Mimi nilikuwa nasukuma tu. Basi, usinipambe zaidi ya hapo.

Habari za Juni tutazungumza. Kula, lala, msikilize Shangazi. Kazi haikimbii.

Kaka yako


Nyumbani kwa Shangazi
10 Aprili

Kaka,

Kumsikiliza Shangazi ndiyo kazi ninayofanya kwa sasa, na haina likizo. Nikienda kuoga anagonga mlango: uko? Nipo. Dakika haijaisha: bado uko? Juzi nikachelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na sabuni mdomoni, akaingia na ufunguo wa akiba na majirani wawili. Nikitoka kutembea ananifuata na kiti cha plastiki. Anakibeba tu, hatua kumi nyuma yangu. Watoto wa mtaa wananiita malkia.

Nacheka, lakini sikufichi, nilikuwa naogopa. Wiki za mwanzo kila moyo uliporuka kidogo nilikuwa nakaa chini palepale, hata barabarani, nikisubiri shoti. Nilikuwa siwezi kupanda ngazi za hospitali bila kushika ukuta kwa mikono miwili. Mimi, niliyekuwa natembea juu ya kenchi za paa na mabomba begani. Nilijichukia kwa woga huo kuliko nilivyouchukia ugonjwa.

Sasa naanza kutoka. Jumatatu wamenipandisha kwenye baiskeli isiyokwenda popote, wamenibandika nyaya kifua kizima, wakaniambia kanyaga. Nilikanyaga mpaka jasho likaingia machoni. Moyo ukaenda kasi, ukarudi wenyewe, kifaa kikakaa kimya. Daktari akapiga makofi kama mtoto. Kanipa ruhusa ya kutembea kwa kasi, kukimbia kidogo nikiwa na mtu, kubeba vya wastani. Narudia: ameniruhusu. Tarehe moja Juni nataka niwe karakana.

Kuna jambo moja bado linanisumbua. Maneno yananipotea. Wiki iliyopita nilikuwa namweleza fundi jirani mlango wake umelegea wapi, nikashindwa kupata neno bawaba. Bawaba, Kaka. Nimezifunga maelfu. Nilisimama pale nikionyesha kwa vidole, likanijia kesho yake nikipiga mswaki. Na namba pia. Napima kitu mara tatu, napata vipimo vitatu.

Daktari anasema moyo ukisimama, ubongo nao unakaa bila damu, na muda ndio unaoamua. Kaniuliza, kutoka kuanguka mpaka kaka yako kuanza kukusukuma kifua, zilipita dakika ngapi? Nikamwambia hata moja haikupita. Kasema nimuulize mwenyewe aliyekuwepo, maana akijua atajua afanye nini nami, na kama haya yatapita au ndiyo nizoee.

Basi niambie. Dakika ngapi?

Cheche


Karakana
2 Mei

Cheche,

Samahani nimechelewa, kazi zilinibana.

Mwambie daktari haikufika dakika moja.

Kuhusu Juni, nimefikiri sana na naona usije. Usinielewe vibaya. Karakana hii ni umeme mtupu. Mashine mbili zinafanya kazi kutwa, nyaya zinatambaa sakafuni, wewe mwenyewe unajua. Siwezi kuchomelea huku nageuka kila mara kukutazama. Mrefu nimemwambia abaki moja kwa moja, na meza yako ya kuchorea anaitumia yeye. Anaitumia vibaya, lakini anaitumia.

Shangazi ana cherehani mbili na moja haina mtu. Una mkono mwepesi, utajifunza kwa wiki moja. Ni kazi ya kukaa, ina kivuli, na Shangazi yuko karibu. Mtu aliyerudi toka ulikorudi wewe hana haja ya kuthibitisha kitu kwa yeyote.

Naomba unielewe.

Kaka yako


Nyumbani
16 Mei

Mwanangu,

Mimi shangazi yako. Nakuandikia kwa mkono wangu bila miwani, kwa sababu miwani nimeikalia kwa hasira, na chanzo cha hasira ni wewe.

Umemwandikia nini huyu mtoto? Barua ilifika tarehe sita. Aliisoma amesimama jikoni, akaikunja, akaenda kukaa mbele ya cherehani yangu kama mtu aliyeitwa polisi. Siku nne amekaa pale. Anashona, anafumua. Mimi kelele zake nilikuwa nazilalamikia, sasa nyumba imenyamaza mpaka nasikia friji.

Siku ya tano akatoka bila kuniaga. Nikachukua kiti changu nikamfuata, nisimwone. Kumbe amekwenda kwa yule fundi wa milango wa mtaa wa pili. Amemkuta anahangaika na geti, akamwambia nipe nikuonyeshe. Yule mjinga akampa. Eti mafundi mna tabia ya kuning'iniza waya wa mashine begani ili usiwavute mkono. Basi naye akaning'iniza, bega la kushoto, juu kabisa ya kifaa, akavaa barakoa akaanza kuchomelea. Fundi anasema alichomelea kipande kizuri hajapata kuona. Halafu kifaa kikampiga. Mara mbili. Alirushwa nyuma akakaa kitako kwenye vumbi la chuma, barakoa usoni, na alipofunuliwa alikuwa analia bila sauti.

Yuko salama. Hospitali wamemweka siku mbili, wakasema moyo wenyewe haukuwa na kosa, ni umeme wa mashine ulikidanganya kifaa. Daktari kamgombeza mbele yangu na mimi nikaongeza za kwangu. Tukamuuliza kwa nini. Kasema, nilitaka nijue kama mikono bado ipo, maana kaka ameshaniweka kwenye kabati.

Sasa mwanangu. Wewe nimekulea miaka mitatu mama yenu alipougua. Ulikuwa ukivunja kikombe unakuja kunionyesha vipande kabla sijauliza. Tangu Januari hujawahi kunitazama usoni, hata pale hospitali ulikuwa unaongea na viatu vyangu. Nilidhani ni uchovu. Sidhani tena. Kuna kitu umekikalia, na huyu mtoto ndiye anayekilipia. Mwandikie ukweli, vyovyote ulivyo. Usiponiandikia kwamba umemwandikia, nitakuja huko mwenyewe, na unajua nikija huwa siondoki upesi.

Shangazi yako


Karakana
24 Mei

Cheche,

Nimeianza barua hii mara nyingi. Leo nimefunga mlango, nimemwambia Mrefu akale, nitaiandika mpaka iishe.

Sikuitupa barakoa.

Unakumbuka tangi lenyewe, japo siku hukumbuki. Mshono wa chini, ule wa kuzunguka, ambao baba alikuwa anasema ukiukatisha njiani pale ulipokatisha ndipo maji yatakapotokea. Nilikuwa nimeinama chini yake. Ukivaa barakoa, wewe unajua, duniani kuna moto tu na chuma kinachoyeyuka, vingine vyote ni giza. Nikasikia kishindo nyuma yangu. Nikajua ni wewe.

Nilijua ni wewe, ndiyo. Nilidhani unafanya ule mchezo wako wa kufa. Ulikuwa unajiangusha ukitaka tupumzike, unalala na ulimi nje mpaka nizime mashine. Wiki ile ulikuwa umeshafanya mara mbili. Nikasema kwa sauti, leo sidanganyiki, nikimaliza mshono ndipo utafufuka. Nikasema hivyo. Kijiti cha kuchomelea kikaisha, nikabadilisha kingine bila kuinua barakoa, kwa kupapasa, kama tulivyozoea. Nikaendelea mpaka mwisho wa mduara. Nikaugonga mshono kwa nyundo kuondoa magamba. Ulikuwa safi, nikafurahi. Ndipo nikainua kioo nikageuka.

Ulikuwa na rangi ya majivu. Macho yako yalikuwa wazi na yalikuwa hayanitazami.

Baada ya hapo ni yale waliyokusimulia. Nilikusukuma, nikapiga kelele, dereva akaja. Watu walipoingia walinikuta juu yako, barakoa iko chini, wakajitungia wenyewe jinsi ilivyofika pale. Sikuwasahihisha. Siku ya kwanza nilikuwa siwezi kusema. Siku ya pili walikuwa wameshaisimulia mtaa mzima. Siku ya tatu ulifumbua macho, ukaambiwa, ukanishika kidole. Ningesemaje?

Daktari anataka dakika. Uliponiandikia Aprili nilichukua bati, nikalikunja kama chini ya tangi, nikachomelea mshono ule ule kwa vijiti viwili, saa iko pembeni. Dakika tatu na nusu. Nikasema labda siku ile nilikuwa na haraka zaidi. Nikarudia. Nimerudia mara kumi na moja, Cheche, mpaka Mrefu akaniuliza haya matangi ni ya nani. Haijawahi kushuka chini ya tatu na nusu. Kisha nikakuandikia haikufika moja.

Ukinieleza kuwa neno limekupotea, naona ni mimi niliyelichukua. Ndiyo sababu sikutaka uje. Umeme ni kweli, lakini haukuwa ndio sababu. Sikuweza kufikiri kwamba utasimama hapa mbele yangu kutwa nzima unatafuta neno, na mimi najua lilikokwenda.

Najionea aibu mpaka nashindwa kula na watu. Sikuombi kitu. Daktari mwambie tatu na nusu.

Kaka yako


Nyumbani kwa Shangazi
1 Julai

Kaka,

Umesubiri zaidi ya mwezi. Nilitaka usubiri.

Barua yako niliisoma. Halafu nikaisoma tena. Wiki ya kwanza nilikuwa nakutukana ninapotembea, kwa sauti, na Shangazi hatua kumi nyuma anadhani nasali. Nilikuwa nawaza ile nyundo. Mshono sikuulaumu, hata mimi ningeumaliza. Ile nyundo, unagonga magamba, unafurahia mshono, mimi niko chini. Sijui kama itanitoka. Sitaki kukudanganya kwamba imenitoka.

Wiki ya pili nikakumbuka mchezo ulikuwa wangu. Na hapo kuna jambo hulijui. Umeandika kwamba wiki ile nilishajiangusha mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nacheza. Ya pili sikuwa nacheza, Kaka. Nilikuwa nimeshika pembe ya chuma, moyo ukaanza kukimbia ovyo, macho yakaingia giza, nikajikuta sakafuni. Uliponigeukia umekasirika nikatoa ulimi nje ili udhani ni yale yale. Ningekwambia ungenishusha kwenye mapaa mwezi mzima, na tulikuwa na kazi ya ghala. Kwa hiyo ukitaka kujua nani alikufundisha usigeuke, ni mimi. Nimemwambia daktari. Hajanigombeza safari hii, amekaa tu akiandika muda mrefu.

Nimemwambia na tatu na nusu. Kasema inaeleza mengi. Kanituma kwa mama mmoja anayefundisha watu waliopotewa na maneno, ananionyesha picha nataja majina, kama chekechea. Anasema mengine yatarudi, mengine nitayazunguka. Namba zinakuja vizuri kuliko maneno. Wiki mbili sasa napima milango ya yule fundi wa mtaa wa pili, mbali na mashine yake, na kipimo cha kwanza na cha tatu vinafanana. Nakimbia pia. Mpaka kwenye tangi la mtaa na kurudi, bila kusimama, Shangazi amenunua raba.

Sasa nikwambie kilichoniuma kuliko vyote, maana wewe unadhani ni zile dakika. Dakika tatu na nusu ulikuwa hujui. Miezi mitano ulijua. Kwa miezi mitano uliniacha niamini kwamba sifai tena, kwamba mikono yangu ni ya kukaa kivulini, ili tu wewe usinione. Nilikwenda kuushika ule waya kwa sababu ya barua yako ya Mei. Ningeweza kufa kwa fundi wa milango, na ungekuja kuzika bado unaongea na viatu vya watu.

Hilo ndilo nataka unilipe, na namna ya kulipa ni moja. Jumatatu nakuja. Siji kuomba nafasi, nusu ya hiyo karakana ni yangu. Nimepima na daktari: mashine mbili ziwe upande wa barabarani, meza yangu upande wa pili, hatua nane katikati, na mstari mwekundu sakafuni ambao sitauvuka mtu akichomelea. Mrefu abaki, tutamfungia kitambaa kwenye ile boriti. Mashine yangu mpe yeye. Nimeandika sentensi hiyo nikiwa nimesimama, kisha nimekaa.

Sijakusamehe. Nakuja na hasira yangu yote, na itabidi tufanye kazi nayo humo ndani mpaka ichoke. Siku nyingine nitakosa neno mbele yako. Utasubiri nilipate, hutageuka, hutanisaidia.

Usije kunipokea kituoni. Nitatembea mwenyewe, sanduku mkononi, na nitaingia mlango mkubwa. Ukiniona usiniulize najisikiaje. Niambie kazi ya leo ni ipi.

Cheche